Mshono Uliolala Juu ya Chuma

Jumatano, 12 Novemba. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, ikarudi saa nane mchana pamoja na upepo wa ziwani. Mawingu yameshuka mpaka yanagusa migomba.

Nimerudi kutoka Kanazi sasa hivi, suruali ina matope hadi magotini. Nataka kuandika habari za Fundi kabla mambo ya leo hayajanichanganya nikaanza kumsifu kupita kiasi, au kumlaumu. Jina lake sitaliandika. Hata pale karakana, Nyanga, hatukulitumia. Tulikuwa mafundi wanne na karani mmoja, lakini mtu akiita "Fundi" kutoka barabarani, wale watatu wengine hawakuinua kichwa. Karani ni mimi. Nilisoma hadi darasa la sita, na kazi yangu ilikuwa kuandika magari yanayoingia na yanayotoka. Habari za vyuma nazijua kwa kusikia tu, kwa hiyo nikikosea mahali, kosa ni langu, si lake.

Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mgongoni kwa kuinamia magari ya watu. Kope zake zilikuwa zimeungua zamani na hazikuota tena vizuri, basi macho yake yalionekana kama ya mtu aliyeamshwa ghafla. Mfukoni alibeba nyundo ndogo yenye mpini wa mti wa kahawa. Gari likiletwa, hakulitazama kwanza kama wafanyavyo wengine. Alilizunguka akiligonga: madigadi, mlango, sakafu, fremu. Mwenye gari akianza kueleza, Fundi alimwinulia kidole anyamaze. Alisema chuma kizima huimba na chuma kilichooza hukohoa. Mimi niligonga mara nyingi alipokuwa hayupo, nikasikia nyundo tu. Labda masikio yangu si mazuri.

Alikuwa Mlutheri, mlokole wa wale wanaosimama mbele ya watu na kutaja dhambi zao moja moja. Mimi ni Mkatoliki, dhambi zangu nazisema pembeni, kwa padre, na kwa sauti ndogo. Naandika hili kwa sababu ndilo lililomtofautisha hata kazini. Nyuma ya karakana alikuwa amefunga waya kati ya nguzo mbili, na kwenye waya huo vilining'inia vipande vya chuma vilivyovunjika. Kabla ya kazi yoyote kubwa, kila fundi alitakiwa kuunga vipande viwili vya taka, avibane kwenye vaisi, avipige nyundo mpaka vipinde. Vikipinda bila kuachana, kazi inaanza. Vikiachana kwenye mshono, kipande kinaenda kwenye waya. Jumamosi jioni, tukiwa tumeshafagia, Fundi alipita mbele ya waya ule akigusa kila kipande na kutaja aliyekichomelea. Alianza na vyake. "Hiki ni changu. Nilikuwa na haraka." "Hiki ni changu. Sikusafisha kutu." Kisha vya wenzake. Mwenyekiti wa kikundi chetu, ambaye naye alikuwa fundi wa bodi na mtu wa maneno mengi, aliuita waya ule kanisa la walokole, na mara nyingine alimwuliza kama sadaka itapitishwa. Fundi alicheka kama sisi. Lakini Jumamosi iliyofuata aligusa vipande tena.

Kulikuwa na neno alilolipenda ambalo wageni hawakulielewa. Sisi Wahaya wa zamani tulikuwa na omukago, udugu wa damu: watu wawili wanapasua tunda moja la kahawa, ndani mna punje mbili, kila mmoja anapaka punje yake damu yake na kumpa mwenziwe aimeze. Baada ya hapo huwezi kumdhuru yule mtu, maana yumo ndani yako. Fundi alisema vyuma vinavyounganishwa vizuri vimekula omukago. Ukivitazama kwa nyuma unaona kila kimoja kimeingia kwa mwenziwe. Lakini kuna mshono mwingine, mnene, unaong'aa, umelala juu ya chuma kama mdudu aliyeshiba. Huo alikuwa anausukuma kwa ukucha na kusema, "Hawa wamesalimiana tu."

Mlokole yule hakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wala hakukaa mahali inaponywewa. Hata hivyo mama mmoja wa bondeni aliyepika gongo alipoleta pipa lake limetoboka, Fundi aliliziba vizuri kuliko alivyoziba tangi la mchungaji. Mwenyekiti alimsakama siku nzima. Fundi akamjibu kwamba yeye anaziba pipa, koo la mtu hana kifaa chake. Tena alikuwa mkali kwa mshono wa mwenziwe kiasi cha kumtoa mtu machozi, na papo hapo asingeweza kumfukuza kuku aliyetaga ndani ya kiti cha gari. Tuliwahi kuchelewesha gari la watu wiki mbili na zaidi kwa sababu ya kuku. Mwenye gari hakujua, na mimi kwenye daftari niliandika "tunasubiri vipuri". Huo nao ulikuwa uongo.

Watu walimfuata sana kumwuliza wanunue mashine gani ya kuchomelea. Wengi walitegemea atataja jina la mashine. Hakutaja. Namkumbuka mwalimu mmoja wa shule aliyekuwa na gari dogo lenye mgongo wa kobe, limeliwa na kutu, naye alitaka kulitengeneza mwenyewe jioni baada ya kazi, kwa kupenda tu. Siku zile mtu kujinunulia mashine yake peke yake lilikuwa jambo la kujieleza, na mwalimu alijieleza sana kabla hajafika kwenye swali. Alikuwa na kitabu cha picha za rangi kutoka nje. Kila mashine imepigwa picha ikiwa safi kama sahani. Fundi alikipokea, akakipindua, akaanza kukifunua kutoka nyuma, akauliza kwa heshima ya Kihaya:

"Mwalimu, waitu, ukurasa wa vitu vidogo uko wapi?"

Mwalimu akauliza vitu vidogo gani.

"Ile ncha ya shaba inayoungua. Ule mpira unaopasuka. Mashine kubwa haifi, mwalimu. Kinachokufa ni kitu cha ukubwa wa kidole, na kama hakipo Bukoba, basi na ile kubwa imekufa."

Kisha akamwuliza maswali mengine, pole pole, kama daktari. Anachomelea bati la bodi au fremu? Maana bati jembamba linatoboka kwa moto mkubwa, na fremu haishiki kwa moto mdogo, na anayekuambia mashine moja inafanya yote vizuri muulize anaiuza bei gani. Gesi yake atajaza wapi? Upepo unapita mahali anapofanyia kazi? Umeme wa kwake unakuwaje saa za jioni? Hilo la mwisho alilirudia. Mwalimu alisema umeme ni umeme. Fundi akamtazama na yale macho yake yasiyo na kope, akasema, "Umeme ni kama maji ya bomba, unategemea nani mwingine amefungua." Mwalimu aliondoka bila kununua chochote, na nadhani alikasirika. Lakini alirudi miezi baadaye na gari lake, akakaa benchini akijifunza kuziba kwa gesi. Kwa hiyo sijui kama alikasirika kweli.

Fundi mwenyewe alitumia gesi ya mawe. Alikuwa na kopo kubwa la chuma: unatia maji, unatia yale mawe ya kijivu ya kabaidi, yanachemka na kutoa gesi yenye harufu mbaya, na pembeni mtungi wa oksijeni. Hicho ndicho alichokileta tulipounganisha vyombo. Hilo lilikuwa agizo la wakati ule: mafundi wadogo waache kufanya kazi kila mtu kivyake, wawe kikundi, kila mtu alete chombo chake kiwe cha wote. Kopo alilileta amelifunga nyuma ya baiskeli, akaniangalia nikiliandika kwenye daftari la kikundi. Kesho yake nilimkuta analipaka mafuta. Nikamwambia kwa utani kwamba sasa ni la wote, aache na wengine wapake. Akajibu, "Ni la wote, ndiyo. Lakini kutu haijasikia tangazo."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, kikundi chetu kilipewa nafasi ya kuchagua. Wageni fulani kutoka Ulaya walitaka kutusaidia kwa chombo kimoja, tuchague wenyewe. Tulikuwa na njia tatu: gesi mpya ya kisasa, mashine kubwa ya umeme ya kutumia vijiti, au mashine ya waya, ambayo wakati huo mimi nilikuwa sijapata kuiona. Waya unatoka wenyewe kwenye bunduki kama uzi wa cherehani, na gesi inapuliza pembeni kulinda moto. Mtungi wake ungejazwa Mwanza, kwa gesi ile ile wanayotia kwenye soda. Waliileta kwa lori tuijaribu.

Nataka kuwa mkweli kwa mashine ile. Ilikuwa nzuri. Mwenyekiti alishona bati la madigadi lililochakaa hadi kuwa kama gazeti, na halikutoboka. Kazi ya asubuhi nzima ilikwisha katika muda wa kunywa chai. Tulibana vipande kwenye vaisi, vikapinda kama karatasi na havikuachana. Fundi mwenyewe alivigeuza nyuma, akapapasa, akasema, "Wamekula." Hakuna aliyetudanganya siku ile.

Tukapiga kura. Wawili walitaka mashine ya waya, mmoja alitaka ya vijiti. Fundi alitakiwa aseme neno. Akasema hana neno. Hakuinua mkono upande wowote. Watu wote walishangaa, maana mtu aliyewauliza wageni wa barabarani maswali kumi alishindwa kuuliza hata moja pale ambapo swali lilikuwa letu. Ikabaki kura yangu. Mimi ni karani, lakini katiba ya kikundi ilinipa mkono. Ningeinua kwa ya vijiti, wangelingana, tungelazimika kuzungumza zaidi. Niliinua kwa ya waya. Nilipenda jinsi ilivyokuwa safi.

Wakati tunatoka, Fundi alinipita mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ijaribuni tena kiwanda cha kahawa kikianza." Nikasema sawa, Tata, yaani baba. Jioni niliandika maneno hayo kwenye daftari hili, nikaongeza: "Sijui kwa nini. Nitamwuliza." Sikumwuliza. Wiki chache baadaye alisema macho yamemchosha, akarudi kwao Kanazi. Kopo lake aliliacha, kwa kuwa lilikuwa la wote. Waya wa vipande Mwenyekiti aliukata, tukapata nafasi ya kuegesha gari moja zaidi. Na mambo ya kujaribu kwenye vaisi yakaachwa taratibu, kwani mashine ilikuwa haikosei.

Kwa miezi kadhaa haikukosea. Kisha, mwezi wa tisa, mlango wa gari la mtu mmoja uling'oka sokoni alipoufungua, ukabaki mkononi mwake. Watu walicheka sana, na yeye akacheka. Mwezi wa kumi, kiti cha mbele cha gari jingine kiling'oka kikiwa na mtu. Hapo walicheka wachache tu. Wiki mbili zilizopita ubao wa nyuma wa lori uliachia kwenye mteremko wa Kanazi, magunia ya kahawa yakamwagika barabarani nyuma ya akina mama waliokuwa wanatembea. Hakuna aliyeumia. Mwenyekiti alisema dereva alizidisha mzigo, na huenda ni kweli, dereva yule anajulikana.

Lakini sikuwa na raha. Jumapili, baada ya misa, nilifungua daftari hili kutafuta siku lori lile lilipochomelewa. Nina tabia ya kuandika hali ya hewa, na chini yake naandika mambo ya ofisini, hata yasiyo na maana. Siku ile nilikuwa nimeandika: "Jua kali. Taa hafifu, nimeandikia dirishani." Nikatafuta siku ya ule mlango. "Mawingu. Taa inawaka kama kaa." Siku ya kiti: "Taa hafifu tena." Nikarudi nyuma hadi mwezi wa tatu, nikayakuta maneno ya Fundi kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Hapo ndipo hata mimi wa darasa la sita nilipoelewa. Mashine za kukoboa kahawa zikiamka, umeme wa mji unasinyaa. Taa ya ofisini inakuwa nyekundu. Na mashine yetu, inayokula umeme ule ule, inatoa moto mdogo. Waya unayeyuka na kujilaza juu ya chuma, mnene, unang'aa, halafu tunausaga kwa jiwe, tunapaka puti ya kusawazisha na rangi. Tulikuwa tunausifu kwa unene wake.

Niliorodhesha magari yote yaliyoungwa sehemu za kubeba uzito katika siku zenye taa hafifu. Yalikuwa kumi na moja. La nne katika orodha ni pikapu inayobeba abiria kati ya Bukoba na Rubya, tuliyoiunga pale springi ya nyuma inaposhikana na fremu. Mke wangu aliipanda Jumamosi kwenda kumwuguza mama yake hospitalini, na alikuwa arudi nayo leo.

Jumatatu nilimwambia Mwenyekiti. Hakukasirika, na sitaki aonekane mtu mbaya hapa; alinisikiliza akiwa ameshika bunduki ya mashine. Akasema, "Karani, sasa umeanza kuchomelea kwa kalamu?" Wenzake wakacheka. Akaniuliza kama taa ya ofisini inajua kitu kuhusu chuma. Mimi si fundi. Jumanne nzima nilijiambia labda nimeona vitu visivyokuwepo, na nikisimamisha magari ya watu kumi na moja kwa sababu ya taa, karakana itakufa na mimi ndiye nitakayekuwa nimeiua. Ningeweza kutuma barua Rubya kwa basi la asubuhi, mke wangu abaki huko. Nililiona basi likipita. Leo asubuhi, mvua ilipokatika, nilichukua baiskeli kwenda Kanazi kwa Fundi.

Nilimkuta amekaa mlangoni. Macho yamekuwa na ukungu, ananitazama pembeni ya sikio langu. Kabla sijamwamkia akasema, "Mnyororo wako bado haujatiwa mafuta, Karani." Binti yake akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Fundi alichukua tunda, akalipasua kwa meno, akala punje moja na kunipa mimi nyingine, kama ilivyo desturi ya mwenyeji kuonyesha kwamba hakuna sumu. Ndipo akaniuliza nina shida gani.

Nilimsomea daftari. Siku zote kumi na moja, na taa zake. Mwisho nikamsomea ule mstari wa mwezi wa tatu. Akataka niurudie.

"Uliandika," akasema.

"Niliandika, Tata."

"Ukafunga daftari."

"Nikafunga."

Alitema ganda la kahawa. Mvua ilikuwa inanukia kurudi, migomba imesimama kimya. Akaniambia kwamba aliwahi kufanya kazi kiwandani na aliona jinsi umeme unavyozama wakati wa msimu. Alijua siku ile ya kura, alijua kama anavyojua mkono wake. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema mbele ya wote.

"Kopo lilikuwa langu," akasema. "Ningesema mashine ina shida, mngesema mzee analilia kopo lake. Na kweli nilikuwa nalililia. Nikaona bora ninyamaze niwe msafi. Nikakunong'oneza wewe, ili ikitokea nisiwe nimenyamaza."

Kisha akauliza pikapu ya Rubya inapita saa ngapi. Nikasema saa tisa hivi. Akasimama, akapapasa juu ya mlango, akashusha ile nyundo.

Tulikaa ukingoni mwa barabara chini ya jani la mgomba kila mmoja, mvua ikipiga. Mimi nilihesabu kona zilizo kati ya Muleba na pale. Ninazijua zote. Saa tisa ilipita. Lori moja likapita, baiskeli zikapita. Nilianza kusali, halafu nikaona aibu kusali kwa jambo ambalo barua moja ingelizuia. Ilikuwa imekaribia saa kumi tuliposikia injini, na yeye alisikia kabla yangu. Akasema, "Inakuja imekaa upande."

Nilisimama katikati ya barabara na kuinua mikono. Pikapu ilisimama. Mke wangu alikuwa nyuma kati ya watu tisa, amejifunika turubai na kumpakata mtoto wa mtu. Aliniona, akajua kuna jambo, kwa maana mimi si mtu wa kusimama katikati ya barabara. Dereva, ambaye gari ni lake, alitoa kichwa huku akitafuna kahawa, akauliza nani amekufa. Nikamweleza. Akamtazama Fundi aliyekuwa anapapasa njia kwa mguu.

"Huyu mzee haoni barabara. Chuma ataonaje?"

"Zima injini, mwanangu," Fundi akasema. "Na ninyi mlio juu, nyamazeni kidogo."

Akalala chini, chali, kwenye matope, akaingia chini ya gari mpaka mabega. Tukasikia anagonga. Upande wa kushoto chuma kililia, sauti ndefu. Akahamia kulia. Hapo kila mtu aliyekuwa amesimama alisikia, hata mimi: ilikuwa kama kugonga kibuyu chenye maji. Dereva aliacha kutafuna. Fundi akaomba mtaimbo, akauchomeka pale, akasukuma mara moja, si kwa nguvu. Mshono wetu uling'oka wote mzima, pamoja na rangi yake, kama gamba la jeraha. Chini yake chuma kilikuwa cheusi, hakijaguswa na moto. Springi ilikuwa imeshikwa na bolti moja na rangi.

Abiria walianza kushuka mmoja mmoja taratibu, kama watu wanaotoka ndani ya nyumba ya mgonjwa. Fundi alitoka chini, akakaa matopeni na kile kipande mkononi. Akakiinua kuelekea zilikokuwa sauti zetu.

"Hiki ni changu," akasema. "Nilijua, nikanyamaza siku ya kuchagua."

Akanyoosha mkono, akangoja. Nilielewa anangoja nini. Watu tisa, dereva, na mke wangu wakinitazama. Nilichukua kipande kile. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nikasema, "Na changu. Niliambiwa, nikaandika, sikusema. Tena tangu Jumapili nilijua gari hili ni mojawapo, nikaogopa kuchekwa."

Dereva alinitukana, na alikuwa na haki. Mke wangu alimrudisha yule mtoto kwa mwenyewe.

Fundi akauliza, "Umesema ni mangapi?"

"Kumi na moja."

"Basi yamebaki kumi. Yako wapi usiku huu?"

Sikujua. Mawili ni ya hapa mjini. Moja ni la kijiji, hubeba watu wa shamba la ujamaa alfajiri. Mengine yako njiani mahali fulani, kwenye mvua hii. Fundi aliniambia nisimngoje, yeye atafika Nyanga Jumamosi kwa njia yoyote, na nifunge ule waya tena kati ya nguzo mbili.

Tulipata lori la kupanda na mke wangu, baiskeli yangu ikiwa juu ya mikungu ya ndizi. Karibu na Nyanga ndipo aliponiuliza, kwa sauti ya kawaida, kama Jumatatu kulikuwa na basi la kwenda Rubya. Nikasema lilikuwepo. Jumanne? Nikasema lilikuwepo pia, na leo asubuhi pia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayehakikisha jambo analolijua.

Nimeandika majina ya magari kumi kwenye karatasi nyingine, kwa herufi kubwa. Kabla ya jua kuchomoza nitaanza na lile la kijiji. Mwenyekiti nitampitia njiani, nitampa kipande kile akishike mwenyewe.

Kabla sijamaliza kuandika tumekula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na senene, wale panzi wa msimu wa mvua, ambao mke wangu alipewa Rubya na alikuwa amewafunga kwenye khanga safari nzima. Aliwakaanga, akawapakulia watoto, akanipakulia na mimi. Yeye alikula ndizi tupu, na alikula kidogo.